Udongo Usiokauka

Asubuhi ya tatu nilizamisha kidole kwenye udongo wa Bikizee, mreteni mkongwe tunaoukuza mfupi ndani ya chungu, nikakitoa kimelowa hadi kiungo cha pili. Nilichuchumaa pale pale mbele ya rafu nikijifanya naokota majani makavu, ili Mwalimu Torigoe akichungulia kupitia mlango wa karatasi asiuone uso wangu.

Maji nilikuwa nimempa jana yake asubuhi, polepole, kipimo kile kile nilichokuwa nikimpa kila siku ya Mungu kwa miaka mitano na miezi minne. Jua la jana lilikuwa kali. Misonobari yote ya rafu ile udongo wake ulikuwa umepauka, inadai maji. Wa Bikizee peke yake ulikuwa mweusi tititi, kama umemwagiliwa sasa hivi.

Katika mtaa wetu wa Omiya mtu hufundishwa kumwagilia maji miaka mitatu kabla hajapewa mkasi. Watu wa nje wakisikia hivyo hucheka. Sisi hatucheki. Anayemwagilia ndiye wa kwanza kujua mti ukiugua, kwa sababu mti mzima hunywa na mti mfu haunywi. Udongo usiokauka una maana moja tu.

Na mreteni ni mwongo kuliko miti yote. Unaweza kufa leo ukabaki wa kijani mwezi mzima, watu wanapita wanausifu, kumbe ndani hamna kitu. Niliyatazama majani ya Bikizee. Yalikuwa ya kijani kibichi, yamejaa, yamependeza. Afadhali yangekuwa ya njano, ningeogopa kidogo.

Aliyemuua nilimjua. Nilikuwa mimi.

Siku tisa kabla ya hapo Mwalimu alinipa kazi ambayo hakuwahi kumpa mwanafunzi yeyote: kumsafisha Bikizee kwa kisu. Mti ule una miaka mia tatu. Shina lake karibu lote limekufa zamani, jeupe kama mfupa, na uhai wake wote unapita kwenye mshipa mmoja wa gome jekundu, upana wa vidole viwili, unaojisokota kutoka mizizini hadi kwenye majani. Mshipa huo ukikatika, hakuna mwingine. Nilikuwa nyuma ya shina, ncha ya kisu iko unywele mmoja kutoka kwenye gome, wakati Itsuko, binti wa Mwalimu, alipokuja kukusanya vikombe vya chai. Akainama karibu yangu. Kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniuliza nimeshiba, akaniambia kwamba baba yake amewakubalia posa akina Hibino wa Tokoname, wale wafinyanzi wa vyungu. Kwamba watakuja Jumapili ya wiki ijayo kusikia kauli ya mwisho. Na kwamba Bikizee ataondoka naye, zawadi ya nyumba yetu kwa nyumba yao.

Kisu kikateleza. Hakikukwaruza, kiliingia. Kilipasua gome kikafika kwenye mti mweupe wa ndani, na palepale pakatoka tone moja la maji.

Nilipaka dawa ya vidonda vya miti, nikakigeuza chungu ili upande ule utazame ukuta wa nyumba. Sikumwambia mtu. Sisi watu wa Itoigawa tuna kiburi, sikatai. Babu yangu alikuwa akishuka magenge kwa kamba kutafuta mireteni kama ule, na hapa mtaani bado wapo wanaoniita mbuzi wa majabali. Nilikuja kuwaonyesha kwamba mbuzi anaweza kushika kisu. Ningekwenda vipi kumwambia Mwalimu kwamba mbuzi amekata mshipa?

Miaka mitano ya kujifunza nilikuwa nimeimaliza. Nilikuwa katika mwaka wa shukrani, mwaka ambao mwanafunzi humfanyia mwalimu wake kazi bila kudai chochote, ndipo apewe baraka za kufungua bustani yake. Ilibaki miezi minane. Nilikuwa nimepanga kwamba siku ya baraka hizo ndiyo ningemwomba Mwalimu binti yake. Kabla ya siku hiyo nisingethubutu, kwa sababu sheria ya nyumba zetu ni fupi: mwanafunzi anayeinua macho kwa binti wa nyumba hurudishwa kwao kwa treni ya siku hiyo hiyo.

Sasa Jumapili ilikuwa imefika. Nikinyamaza, Bikizee atakwenda Tokoname akiwa wa kijani, na ndani ya mwezi mmoja atakauka mikononi mwa Itsuko, ukweni, naye ataitwa bibi harusi aliyekuja na maiti. Nikisema, naondoka leo na simwoni tena.

Nilisimama, nikaenda kurudisha kopo la kumwagilia mahali pake. Ndipo nilipokumbuka kwamba alfajiri nililikuta mdomo umeelekea ukutani, wakati mimi huliacha likitazama bustani. Nikajiambia kwamba hofu imeanza kunipotezea hata mazoea.

"Mbuzi," sauti ikaniita nyuma nilipokuwa nimerudi mbele ya rafu. "Unavyomkodolea macho huyo bikizee, mtu atadhani unasubiri urithi. Hajafa bado."

Alikuwa mzee Numajiri, jirani yetu, katika ndala zake za mbao. Mtaani kwetu hakuna anayefunga lango wala anayejenga ghorofa. Mtu yeyote huingia kwa mwenzake kutazama miti, na mzee Numajiri hutumia ruhusa hiyo kuliko wote. Nilimwamkia. Macho sikuyabandua kwenye chungu.

Akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema hapana. Akasema basi ni mapenzi, maana kuna magonjwa mawili tu yanayomfanya kijana azungumze na chungu, na kwenye bustani mtu haumwi. Kisha akacheka peke yake, akaenda zake kwa misonobari. Neno lile, hajafa bado, likabaki likinigonga kichwani.

*

Itsuko alinikuta kwenye stoo ya vyungu. Alikuwa ameshavaa kimono ya wageni, rangi ya majivu yenye maua madogo meupe pindoni, na nywele amezibana. Mbele za watu huniita Kaka Mineo. Tukiwa wawili huniita jina tupu, na kila akilitaja hivyo huwa nahisi kama amenishika mkono, ingawa mkono wangu hajawahi kuushika.

"Mineo," alisema, "watafika saa nne."

"Najua."

"Baba yuko peke yake sebuleni. Amekunywa chai, yuko katika hali nzuri. Nenda sasa hivi."

Nilikuwa nimeshika kopo tena, nikitoka kumwagilia misonobari, naye akalitazama kwa namna ambayo wanawake wengine hutazama vito dirishani. Yeye alikuwa amekatazwa kuligusa tangu utotoni.

Aliendelea kwa sauti ya chini. Alisema hakuniomba nije na mshenga wala zawadi. Alisema anaijua sheria, anajua pengine nitafukuzwa, lakini mtu aliyefukuzwa kwa kusema anaweza kufuatwa, na yeye njia ya kwenda Itoigawa ameshaiuliza stesheni. Mtu aliyenyamaza, je, atamfuata wapi?

Moyo wangu ulipasuka kwa furaha na hofu papo hapo. Haya ndiyo maneno niliyokuwa nimeota kwa miaka miwili ayaseme. Na nisingeweza kuitikia. Nikienda kumwomba Mwalimu binti yake asubuhi ile, ningeomba huku nimeficha maiti ya mti wake nyuma ya nyumba. Kiburi changu chote, kibaya na kizuri, kilikataa.

"Leo siwezi," nilisema.

"Kwa nini?"

"Siwezi kukuambia kwa nini."

Alinitazama. Macho ya Itsuko ni meusi na hayapepesi haraka. Mtu akiwa na la kuficha, hayavumilii. Nikaitazama mikono yake badala yake. Chini ya ukucha wa kidole gumba palikuwa na mstari mwembamba mweusi, nikadhani ni masizi ya jikoni.

"Unaogopa," alisema.

Alitaka nikatae. Nilimwona akingoja nikatae.

"Ndiyo. Naogopa."

Uso wake ukafungika kama dirisha. "Mwaka mzima nimekuwa nikimsikiliza mtu anayesema babu yake alining'inia kwenye genge kwa kamba moja," alisema. "Nilidhani damu hurithiwa." Akakusanya pindo la kimono, akatoka. Harufu ya sabuni yake ilibaki kati ya vyungu, nami nikabaki nayo.

*

Mama Hibino alikuja na mwanawe Shuzo, kijana mnene kidogo, mpole, mwenye mikono safi kupita kiasi kwa mfinyanzi. Walileta chungu. Kilikuwa cha rangi ya kahawia, hakikung'arishwa, kimechomwa kwa vipimo vya Bikizee ambavyo Mwalimu aliwapelekea kwa barua. Mama Hibino alikifungua kitambaa mwenyewe na kusema kwamba mumewe alivunja vitatu kabla ya kuridhika na hiki. Mwalimu akakisifu. Itsuko akaleta chai na maandazi matamu ya maharage, akainama, akamimina, hakunitazama.

Kisha Mwalimu aliniita nimlete Bikizee.

Nilimbeba kwa mikono yote miwili kutoka kwenye rafu hadi sebuleni, hatua ishirini na sita. Mti uliolala bila maji huwa mwepesi. Huu ulikuwa mzito. Ulinilemea mikononi kama mtu aliyezimia. Nikamweka kwenye pembe ya heshima, upande wenye jeraha ukutani, nikarudi nyuma nikapiga magoti mlangoni.

Mama Hibino alivuta pumzi. Alisema ameona mireteni mingi lakini hajaona uliomfanya asahau kiu. Shuzo alitazama mti mara moja, kisha akamtazama Itsuko kwa muda mrefu zaidi, kwa adabu, kama mtu asiyeamini bahati yake. Sikuweza kumchukia, na hilo nalo liliniumiza.

Mwalimu aliweka viganja vyake kwenye mkeka. Ni mtu mfupi, mkavu, asiyepoteza maneno. Nilijua neno linalofuata. Akishasema kwamba kuanzia leo mti huu ni wa nyumba yenu, haliwezi kurudishwa. Binti naye atakuwa ndani ya neno hilo hilo.

"Kuanzia leo," alianza.

"Mwalimu, naomba usilimalize neno hilo."

Sauti ilikuwa yangu. Watu wote wanne waligeuka. Miaka mitano sijawahi kumkatiza Mwalimu Torigoe hata anapokohoa.

"Mti umekufa," nilisema. Paji la uso wangu lilikuwa kwenye mkeka, nilikuwa nikiongea na majani yaliyosukwa. "Nimeukata mimi, siku tisa zilizopita. Kisu kilifika mpaka kwenye mweupe. Nikaficha. Leo ni asubuhi ya tatu udongo haukauki."

Kulisikika birika jikoni, basi.

"Geuza," Mwalimu alisema.

Nilikigeuza chungu. Alisogea, akavaa miwani, akapitisha ukucha kwenye jeraha. Aliniuliza nilikata saa ngapi, kwa kisu kipi, nilipaka nini. Nilijibu. Hakupaza sauti, na ndiyo maana nilizidi kuogopa.

"Kwa hiyo tulikuwa tunakabidhiwa maiti," alisema Mama Hibino taratibu, huku akikunja kipepeo chake cha kujipepea.

Mwalimu aligeuka akamwinamia, chini kabisa, paji mpaka kwenye mkeka. Katika miaka mitano nilikuwa sijawahi kukiona kisogo chake. Kilikuwa na nywele nyeupe chache na kovu la zamani. Nilitamani nife kabla hajainuka.

Ndipo Itsuko alipoweka sinia chini.

"Baba, haujakauka kwa sababu mimi naumwagilia."

Mwalimu aliinua kichwa. "Unasemaje?"

"Naumwagilia. Siku tatu sasa. Natoka kabla Kaka Mineo hajaamka, naumwagilia, narudi ndani."

"Nilikukataza kugusa kopo."

"Ndiyo, Baba."

Mtaa mzima unaijua hadithi ile. Itsuko akiwa na miaka tisa, mwaka aliofariki mama yake, aliumwagilia mplamu wa marehemu mara tano kwa siku, kwa mapenzi, mpaka mizizi ikaoza. Tangu hapo baba yake hakumruhusu hata kulowesha ua.

"Kwa nini?" Mwalimu aliuliza. "Kwa nini huu, na kwa nini sasa?"

Vidole vya Itsuko vilikuwa vimeshikana mapajani, na sasa nilielewa kwamba ule mstari chini ya ukucha haukuwa masizi.

"Kwa sababu naondoka," alisema. "Na huu ndio mti anaoanza nao kila asubuhi. Anaingiza kidole pale, kabla hajazungumza na mtu yeyote. Nilitaka kidole changu kiwe kimepita hapo kwanza. Siku chache tu, ili nikienda niwe nacho cha kukumbuka."

Hakutaja jina langu. Hakukuwa na haja. Damu ilinipanda masikioni, nikashindwa kuinua macho. Yeye aliyeniita mwoga saa moja iliyopita alikuwa amejivua kila kinga mbele ya baba yake, mbele ya wakwe, kwa ajili ya mtu aliyemkatalia stooni.

Shuzo ndiye aliyezungumza kwanza. Aliweka kikombe chini, akafuta mdomo, akamwambia mama yake kwamba wakiondoka sasa wataiwahi treni ya saa saba. Mama Hibino alitaka kukifunga chungu chake, lakini mwanawe akamzuia mkono. Akasema kimefinyangwa kwa mti ule, hakitamfaa mwingine, na kiache kibaki. Masikio yake yalikuwa mekundu.

Mlangoni Mama Hibino aligeuka. "Mwalimu Torigoe, sisi tulikuja kwa nia njema. Ukipata mti mzima na binti mzima, utatuandikia." Kisha wakaenda.

*

Mwalimu alitukalisha wote wawili mbele yake, mkeka mmoja katikati yetu.

"Mti huu umekatwa mshipa," alisema, "kisha ukazamishwa kwa maji siku tatu. Kama umekufa, hatutajua kamwe ni kisu chako wewe au ni kopo lako wewe."

Itsuko akaweka mkono mdomoni. Hilo alikuwa hajaliwaza. Nami nikang'amua: kumbe hofu niliyokuwa nimeibeba peke yangu, sasa tumegawiwa nusu kwa nusu.

Alichukua chungu cha akina Hibino, akaniamuru nikijaze udongo ule ule, kutoka gunia lile lile, mpaka kimo kile kile. Ndani yake hakupanda kitu. Akavimwagilia vyote viwili yeye mwenyewe, kipimo kimoja, akaviweka ubavu kwa ubavu chini ya upenu ambako mvua haifiki. Akaeleza kwa maneno machache. Upepo ni mmoja, kivuli ni kimoja. Chungu kitupu hakina anayekunywa. Kama udongo wa Bikizee utapauka kwanza, basi yupo anayekunywa ndani yake. Kama vitakwenda sawa, tunatunza kuni.

"Siku tatu. Hakuna kumwagilia. Hakuna kusemezana," alisema. "Mti ukinywa, Mineo, nitasikiliza ulilonalo. Usipokunywa, treni ya kwenda kwenu unaijua. Nami nitaandika Tokoname niombe msamaha, na Itsuko atakwenda bila mti, kama watamtaka."

Mchana huo huo mvua za mwezi wa sita zilianza.

Mwenyezi ndiye anajua nilivyoichukia mvua ile. Hewa yote ililowa. Nguo hazikukauka, karatasi za milango zililegea, na vyungu viwili chini ya upenu vilikaa na udongo mweusi kama mapacha. Nilivitazama nikienda, nikavitazama nikirudi. Siku ya kwanza ikaisha, mweusi. Siku ya pili mchana, mweusi. Majirani wakapita langoni, miavuli mkononi, kila mmoja na kisingizio chake, wakasimama kutazama. Mzee Numajiri alikuja mara nne.

"Nimeona watu wakingojea mti uchanue," aliniambia. "Kungojea udongo ukauke wakati wa masika, hilo nimeliona kwenu tu." Lakini hakucheka, na alipoondoka aliniachia tambi za ngano ndani ya kitambaa, bado za moto.

Itsuko nilikuwa namwona mara mbili kwa siku, akipita na sinia la baba yake. Kila alipofika penye vyungu, hatua yake ilipungua. Safari moja alisimama kabisa. Akakitazama chungu cha Bikizee, kisha akaniangalia mimi, na katika macho yale yasiyopepesa niliona swali ambalo nami nilikuwa nalo: je, nimemuua mimi? Tumemuua sisi wawili kwa sababu ya kupendana kimya kimya? Nilitaka kumwambia hapana, kosa ni langu, kisu kilitangulia. Sheria ilikuwa hakuna kusemezana. Nikatikisa kichwa tu. Akaelewa, au alinihurumia, akaenda.

Jioni ya pili nilifunga mizigo. Mkasi wangu ndani ya kitambaa, mashati mawili, picha ya babu na kamba yake begani. Nilijaribu kumtungia Itsuko mistari sita ya kumuaga, nikaifuta yote. Hakuna kina kilichokubali kukaa karibu na hofu.

*

Siku ya tatu Mwalimu alitoka mwenyewe kabla ya chai. Mvua ilikuwa imekatika, maji yanadondoka kutoka kwenye ukingo wa paa. Alituita wote wawili. Itsuko alisimama upande wa kushoto, mimi kulia, na sikuweza kutazama. Nilitazama vidole vya miguu yangu. Nilimsikia Mwalimu akichuchumaa, magoti yake yakilia.

Ndege alilia kwenye ugo. Sikujua kwamba mtu anaweza kusimama wima huku amekwisha.

"Mineo. Niambie unachoona."

Nikachuchumaa. Udongo wa chungu cha akina Hibino ulikuwa mweusi kutoka ukingo hadi ukingo. Nikageuza macho kwa Bikizee. Mweusi. Mweusi. Kisha, pale chini kabisa, shina linapoingia ardhini, upande wa mshipa mwekundu, nikaona doa la udongo lililopauka, dogo, halizidi kitako cha kikombe.

Sikuliamini. Nikazamisha kidole. Kilitoka kikavu hadi kiungo cha kwanza, chembe za udongo zikapukutika.

"Umepauka, Mwalimu."

"Mwingine?"

"Haujapauka."

"Basi ana kiu," alisema. "Lete kopo."

Nilikwenda mbio kama punguani, nikalijaza maji, nikampa kwa mikono miwili. Hakulipokea.

"Si mimi," alisema. Alikuwa akimtazama binti yake. "Mama yako alikuwa akimwagilia polepole kuliko mtu yeyote mtaani. Nilipaswa kukufundisha. Nilikunyang'anya tu." Akakohoa. "Shika."

Itsuko alilishika kopo na mikono ikatetemeka, maji yakamwagika kwenye ndala zake. Bila kufikiri niliweka kiganja changu chini ya kopo kulituliza. Vidole vyetu vikakutana kwenye shaba ile baridi, kwa mara ya kwanza, na baba yake amesimama hapo hapo. Nikangojea kufukuzwa. Mwalimu aliinua uso akayachunguza mawingu, kwa makini sana, kana kwamba ndiyo kazi iliyomtoa nje.

"Jeraha lile litachukua miaka kumi kufunga," aliyaambia mawingu, "kama litafunga. Lazima liangaliwe kila asubuhi. Sitamwita mtu wa nje aje kuangalia kosa lako, Mineo. Utaliangalia mwenyewe. Hapa hapa." Akapiga hatua mbili kuelekea ndani, akasimama. "Lile ulilonalo la kuniambia, lije baada ya chai. Usilikatize katikati kama lile langu."

Tulibaki wawili. Itsuko aliinamisha kopo, na maji yakashuka membamba kama nyuzi, na doa lile likaanza kufa polepole, likirudi jeusi. Alinong'ona kuuliza kama inatosha. Nilimwambia bado. Akaniuliza tena. Nikamwambia inatosha, akaacha palepale, hakuongeza hata tone.

"Na kesho?" aliuliza. "Kama kesho hautakauka?"

Nilitaka kumjibu jibu la kiume. Nilimtazama usoni, nikaona kwamba naye anaogopa, na kwamba haoni haya kuogopa mbele yangu.

"Kesho tutakuja wote wawili," nilisema, "tuingize vidole."